Ishara za Waamuzi, na Siku Tulipoamua Mara Mbili



Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike kurasa chache za historia. Niliwauliza: historia ya nini? Wakanijibu: yoyote, mradi iwe na manufaa kwa wakubwa na watoto. Nimechagua historia ya ishara za waamuzi wa michezo, na hasa jinsi waamuzi wawili wanavyoambiana jambo uwanjani. Najua mkisoma maneno haya wengine mtacheka na wengine mtanuna, maana mnakumbuka yaliyotokea mwaka juzi katika mchezo wa softiboli wa siku ya familia, pale mtoto mmoja alipoamuliwa kuwa yu salama, na papo hapo akaamuliwa kuwa ametoka. Mwamuzi mmoja alikuwa shemeji yangu. Wa pili nilikuwa mimi. Sikusudii kufufua ugomvi. Nakusudia kueleza kosa lilikuwa wapi, na ili nieleze vizuri sina budi kuanza mbali.

Kwa wale jamaa wanaokipata kitabu hiki huko Tanga, Mombasa, Bukavu au Muscat, Bertrams ni mtaa wa zamani ulioko mashariki ya katikati ya jiji la Johannesburg. Nyumba zake nyingi ni za kale, zenye paa la mabati na kibaraza mbele. Ukisimama barabarani kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai utasikia Kizulu, Kiingereza, Kifaransa, Kilingala, Kireno, Kishona, na Kiswahili chetu. Na ukitembea kidogo tu unaufikia uwanja wa Ellis Park.

Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1928, mahali palipokuwa machimbo ya mawe na jalala la taka, ukapewa jina la diwani J. D. Ellis. Baadaye ulijengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 1982. Hapo zilichezwa mechi za kriketi za kimataifa tangu mwaka 1948 mpaka 1954. Hapo, tarehe 24 Juni 1995, Afrika Kusini iliishinda New Zealand 15 kwa 12 katika fainali ya Kombe la Dunia la raga, na Mzee Mandela akakabidhi kombe akiwa amevaa jezi ya timu. Na hapo zilichezwa mechi saba za Kombe la Dunia la soka la mwaka 2010. Sisi wa Bertrams tumezoea kulijua bao kwa masikio kabla ya kuliona kwa macho. Sauti ya uwanja hutufikia kibarazani, na televisheni hufuata nyuma kidogo.

Nimeitaja sauti hiyo kwa makusudi. Ishara za waamuzi ni watoto wa kelele. Pale ambapo mtu mmoja anaweza kusema na wote wakasikia, hakuna haja ya kuinua mkono.

Softiboli yenyewe ilizaliwa ndani ya nyumba. Tarehe 24 Novemba 1887, vijana kadhaa walikuwa wamekusanyika katika klabu ya Farragut huko Chicago, wakingoja habari za mechi kati ya vyuo vya Yale na Harvard. Matokeo yalipofika, kijana mmoja kwa furaha alitupa glavu ya ndondi, na mwenziwe akaipiga kwa fimbo. George Hancock, aliyekuwa mwandishi wa habari, akaifunga glavu ile ikawa mfano wa mpira, na mchezo ukaanza palepale. Ulikuwa mdogo wa besiboli, wa kuchezwa mahali pafinyu. Jina la softiboli lilitolewa mwaka 1926 na Walter Hakanson. Mwaka 1996, huko Atlanta, wanawake waliucheza mchezo huo kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki. Hapa Afrika Kusini umeingia katika shule nyingi, na watoto wetu ndio waliotuletea nyumbani. Wazee wengi wa jumuiya yetu tulifundishwa kanuni na watoto wetu wenyewe, jambo ambalo si aibu.

Ishara zake, hata hivyo, zilitoka kwa mama yake, yaani besiboli. Zamani mwamuzi wa besiboli alitamka tu. Watu wa mbele walisikia, wa nyuma wakabaki kuulizana. Mwaka 1886 Edward Dundon, mchezaji aliyekuwa kiziwi, aliamua mchezo huko Mobile, Alabama, kwa kutumia vidole vyake. Miaka miwili baadaye alitokea William Hoy katika ligi kuu ya Marekani. Huyu alipoteza uwezo wa kusikia tangu utotoni kwa sababu ya homa ya uti wa mgongo, akasoma katika shule ya viziwi ya Ohio, na akacheza katika ligi kuu kuanzia mwaka 1888 mpaka 1902. Hoy hakuweza kusikia mwamuzi aliyesimama nyuma yake anasema nini. Kwa hiyo alipanga na kocha wake aliyesimama karibu na kituo cha tatu amwonyeshe kwa mkono: mpira ule umehesabiwa vipi? Watu wengi husema kwamba waamuzi walijifunza kwake, na baadhi ya wanahistoria wanabisha. Kibao cha Bill Klem, mwamuzi aliyefanya kazi katika ligi ya taifa tangu mwaka 1905 mpaka 1941, kilichomo katika jumba la heshima la besiboli huko Cooperstown, humpa Klem sifa ya kuanzisha ishara hizo.

Mimi sitaki kuwapatanisha. Linalonigusa ni jambo jingine. Kilichobuniwa kwa ajili ya mtu asiyesikia kilikuja kuwafaa watu wote, kwa kuwa katika uwanja wenye maelfu ya watu sote huwa viziwi.

Sasa nizitaje ishara zenyewe, ili watoto wawasahihishe wazazi wao. Mkimbiaji akitoka, mwamuzi huinua mkono wa kulia uliokunjwa ngumi, kama mtu anayetaka kubisha hodi. Mkimbiaji akiwa salama, mwamuzi hunyoosha mikono yote miwili pembeni, viganja vikitazama chini. Mpira mzuri ambao mpigaji ameukosa au ameuacha upite huitwa straiki, na mwamuzi huinua mkono wa kulia pamoja na sauti. Mpira mbaya uliopita pembeni huitwa boli, nao hutangazwa kwa sauti tu, mkono haupandi. Hesabu huonyeshwa kwa vidole: boli kwa mkono wa kushoto, straiki kwa mkono wa kulia.

Lakini iko tofauti moja ambayo kila mara hunifanya nitafakari. Mpira ukipigwa ukaangukia nje ya mistari, mwamuzi huinua mikono yote miwili na kupaza sauti, ili kila mtu asimame. Mpira ukiangukia ndani ya mistari, yaani ukiwa halali, mwamuzi hunyoosha kidole kuelekea ndani ya uwanja na haruhusiwi kusema neno. Kwa nini? Kwa sababu wachezaji wanakimbia, na neno lolote la mwamuzi linaweza kumfanya mtoto adhani mchezo umesimamishwa. Hapo kimya chenyewe ni sehemu ya ishara.

Hizo ni ishara za mwamuzi kwa wachezaji na watazamaji. Ziko nyingine ambazo watazamaji wengi hawazioni: zile za mwamuzi kwa mwenziwe. Katika softiboli yetu tunakuwa na waamuzi wawili. Mmoja husimama nyuma ya mdakaji, pale panapoitwa nyumbani, naye ndiye mkuu. Wa pili hukaa katikati ya vituo. Kabla mrushaji hajarusha, wawili hawa hutazamana. Mmoja ataonyesha kwa vidole wangapi wametoka, naye mwenziwe atarudisha vidole vilevile kuonyesha kwamba hesabu zao ni moja. Wakiona wawili wametoka na kuna uwezekano wa mkimbiaji kufika nyumbani wakati mwingine anatolewa, mmoja atagusa kifundo cha mkono wake penye saa, maana yake: tuangalie kipi kimetangulia. Mwamuzi wa nyumbani asipoona kama mpigaji aliuzungusha ubao wake kweli au aliuzuia katikati, atamnyooshea mkono mwenziwe na kumwuliza. Mwenziwe atajibu kwa ngumi ikiwa aliuzungusha, au kwa mikono iliyonyooshwa ikiwa hakuuzungusha. Mkuu haoni haya kuuliza mbele ya watu. Kanuni imempa njia hiyo kwa sababu macho mawili yaliyoko mahali pamoja hayawezi kuona pande zote.

Zaidi ya ishara, kuna maneno. Mwamuzi akiacha nafasi yake kwenda kuangalia kituo kingine sharti amwambie mwenziwe kwa sauti: ninakwenda cha tatu! Au: ninarudi nyumbani! Mwenziwe akisikia hivyo hujua lililobaki ni lake. Uwanja wa softiboli ni mdogo. Kutoka kituo mpaka kituo ni futi 60, yaani mita 18 na kidogo, na mpira unaorushwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa humfikia mpigaji chini ya nusu sekunde. Hakuna nafasi ya kuulizana mara mchezo ukishaanza. Ndiyo maana mengi huambiwa kabla.

Katika soka jambo hili lilichelewa. Mnamo tarehe 23 Julai 1966, Uingereza na Argentina zilikutana Wembley katika Kombe la Dunia. Refa alikuwa Mjerumani, Rudolf Kreitlein. Alimtoa nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, na Rattín akakataa kutoka kwa dakika kadhaa, akidai aletewe mkalimani. Mmoja hakujua Kihispania, mwingine hakujua Kijerumani. Ken Aston, Mwingereza aliyekuwa msimamizi wa marefa, alikuwa akiendesha gari lake katika barabara ya Kensington huko London (si Kensington hii jirani yetu) alipozitazama taa za barabarani na kupata wazo: njano ni tahadhari, nyekundu ni simama. Kadi zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la Mexico la mwaka 1970. Tangu hapo hakuna mchezaji aliyehitaji mkalimani ili ajue kwamba ametolewa.

Lakini kadi humwambia mchezaji hukumu tu. Hazimwambii kosa. Na hapa ndipo nirudi Ellis Park.

Tarehe 18 Juni 2010 Marekani na Slovenia zilicheza katika uwanja wetu huu. Slovenia ilikwenda mapumziko ikiongoza 2 kwa 0. Kipindi cha pili Landon Donovan alirudisha moja, na Michael Bradley akasawazisha dakika ya 82. Zikiwa zimebaki dakika chache, Donovan alipiga mpira wa adhabu, Maurice Edu akautia wavuni. Mimi nilikuwa kibarazani Bertrams. Nilisikia mlio mkubwa wa watu na mavuvuzela, kisha mlio ule ukakatika kwa namna ambayo sikuizoea, ukageuka kuwa mzomeo. Filimbi ilikuwa imelia. Bao limekataliwa, Slovenia wamepewa adhabu.

Refa alikuwa Koman Coulibaly wa Mali. Hakuwa mwanagenzi. Mwezi Januari mwaka huohuo ndiye aliyechezesha fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, huko Luanda, kati ya Misri na Ghana. Wasaidizi wake siku ile walitoka Morocco na Angola, na wote watatu walikuwa na vyombo vya kusemezana masikioni, vyombo ambavyo marefa wa Kombe la Dunia walikuwa navyo tangu mwaka 2006. Wachezaji wa Marekani walimzunguka wakamwuliza: kosa gani? La nani? Walitoka uwanjani bila jibu. Picha zilizorudiwa ziliwaonyesha Wamarekani wakiwa wamekumbatiwa na walinzi wa Slovenia, badala ya wao kuwakumbatia wenzao. Mechi iliisha 2 kwa 2, na Coulibaly hakupangwa tena kuwa refa wa kati katika mashindano yale.

Wapo waliosema alikosea, wapo waliomtetea. Nami nasema hivi: kwa kanuni za soka hakuvunja sheria yoyote kwa kunyamaza. Refa wa soka huonyesha upande wa adhabu, na huinua mkono mmoja ikiwa ni adhabu isiyoweza kupigwa moja kwa moja golini. Kutaja kosa hakulazimishwi. Katika raga, ambayo ndiyo mwenyeji wa Ellis Park, refa huonyesha kwa mikono kila aina ya kosa, na siku hizi sauti yake husikika katika televisheni. Raga na soka huchezwa juu ya majani yaleyale, lakini raga humwambia mtu sababu na soka humwachia akisie. Ilipofika mwaka 2023, katika Kombe la Dunia la wanawake huko Australia na New Zealand, marefa wa soka walitangaza kwa kipaza sauti maamuzi yaliyopitiwa kwa video. Basi hata soka imekubali kwamba hukumu isiyo na maelezo huacha donda.

Liko jambo zito zaidi la Ellis Park, nami nalitaja kwa heshima, maana wengine wetu walikuwako. Tarehe 11 Aprili 2001 Kaizer Chiefs na Orlando Pirates zilikutana hapo. Uwanja ulikuwa wa watu 60,000 hivi, na waliokuja walikuwa wengi mno kupita hapo. Waliokuwa nje walisikia kelele za bao, wakasukumana kutaka kuingia. Watu 43 walikufa. Mpira uliendelea kuchezwa ndani huku watu wakifa kwenye malango, mpaka habari ilipowafikia waliokuwa uwanjani na mechi ikasimamishwa kabla ya mapumziko. Tume ya Jaji Bernard Ngoepe ilipochunguza, miongoni mwa sababu ilizozitaja ni kwamba wahusika hawakugawana wazi nani anashughulikia nini, na kwamba tangazo la tiketi kwisha lilitolewa kwa namna na wakati usiofaa.

Siyalinganishi maafa hayo na mchezo. Lakini msomaji atazame asili yake: watu kadhaa wenye dhamana, kila mmoja akidhani mwenziwe analiangalia lango, na hakuna aliyesema kwa sauti, hili ni langu. Mwamuzi wa softiboli hufundishwa kusema hivyo katika kila mpira, kwa ajili ya mchezo tu. Katika mambo ya uhai wa watu haja ni kubwa mara elfu.

Sasa nifike kwetu. Mwaka juzi timu zilikuwa mbili, Pwani na Ziwani, na zawadi ilikuwa mbuzi. Ilikuwa zamu ya mwisho. Pwani walikuwa nyuma kwa mbio moja, na wawili wao walikuwa wametoka. Kwenye kituo cha kwanza alikuwapo mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwenye miaka kumi na miwili. Mpigaji akaupiga mpira kwa nguvu upande wa kulia. Mpwa wangu akakimbia, akapita kituo cha pili, akaelekea cha tatu. Mpira nao ukarudishwa cha tatu.

Kwa desturi ya waamuzi wawili, mkimbiaji anayetoka kituo cha kwanza mpaka cha tatu huangaliwa na mwamuzi wa nyumbani. Nilikuwa mimi. Nikaondoka kwenda, lakini sikusema neno. Shemeji, aliyekuwa katikati, hakusikia sauti, akaona kituo hakina mwenyewe, naye akakimbilia hapohapo. Vumbi likatimka. Mimi nikanyoosha mikono: salama! Shemeji akainua ngumi: ametoka!

Kama ametoka, mchezo umekwisha na mbuzi ni wa Ziwani. Kama yu salama, mchezo unaendelea. Watu wote wakatutazama.

Kanuni za besiboli zinasema wazi, na softiboli ina njia hiyohiyo, kwamba waamuzi wakitoa hukumu mbili, sharti wakutane peke yao, mbali na wachezaji na makocha, waambiane walichoona, kisha mkuu atoe hukumu moja. Mimi sikufanya hivyo. Nilisema kwa sauti kubwa: mimi ndiye mkuu, nimesema salama. Nikageuka na kurudi nyumbani. Nilidhani naonyesha uthabiti. Mpigaji aliyefuata akaupiga mpira mbali, wakimbiaji wote wawili wakaingia, Pwani wakashinda.

Mbuzi alichinjwa, pilau ikapikwa, na nusu ya watu hawakula. Likaenea neno kwamba mjomba amemwokoa mpwa wake. Upande wa Ziwani ndio upande wa shemeji, na shemeji ni kaka wa mke wangu. Kwa miezi mitano hatukusemezana, na mke wangu alikaa katikati ya kaka yake na mume wake kama mtu aliyeketi kati ya moto miwili. Siku moja mpwa wangu akaniuliza: mjomba, kwani mimi nilikuwa nimetoka, au sikuwa nimetoka? Nikamwuliza yeye mwenyewe anajuaje. Akasema: mimi nilikuwa na vumbi machoni, ndiyo maana nakuuliza wewe. Na tangu siku ile alikuwa hataki tena kushika ubao.

Swali lake lilinisumbua kwa sababu sikuwa na jibu. Nilipojisaili kwa kweli nilikumbuka kwamba nilichelewa kuondoka, nikasimama hatua kumi kutoka kituoni, nikaona mgongo wa mtoto. Glavu sikuiona.

Nikaenda kwa shemeji. Tulikunywa kahawa kwanza, tukaulizana hali za watoto, kama ilivyo ada. Kisha nikamwuliza: siku ile uliona nini? Akaniambia alikuwa ubavuni, karibu sana, na aliiona glavu ikigusa mguu wa mtoto kabla ya mguu kufika kituoni. Naye akakiri kwamba alijua kituo kile kwa desturi ni changu, lakini hakunisikia, na alipokifikia alitakiwa aniangalie kwanza kabla ya kuinua ngumi. Haki ya kuamua ilikuwa yangu, na macho yaliyoona vizuri yalikuwa yake. Swali lile moja lingechukua nusu dakika uwanjani. Kwetu lilichukua miezi mitano.

Kwa hiyo nawaandikia jamaa wote, wa Pwani na wa Ziwani: mpwa wangu alikuwa ametoka. Matokeo hayabadiliki, mchezo ulikwisha siku ile. Lakini upendeleo haukuwapo. Ilikuwa kiburi cha mtu mzima aliyeona aibu kumwuliza mwenziwe mbele ya watu. Nimemwambia mtoto hivyo pia. Alinyamaza kidogo, akasema: basi nilikimbia vibaya, nilipaswa kuteleza chini. Wiki iliyofuata alikwenda mazoezini.

Mwaka jana mimi na shemeji tulikutana kabla ya mchezo, tukakaa chini ya mti tukapanga: nani anaangalia kituo gani, ishara zipi tutapeana, na kwamba hukumu zikiwa mbili tutakwenda kando wawili peke yetu. Katika zamu ya nne jambo lilelile likatokea, mkimbiaji wa kwanza akaelekea cha tatu. Nikapaza sauti: cha tatu changu! Shemeji akasimama palepale alipokuwa, akageukia kituo cha pili. Nikafika mapema, nikaona, nikainua ngumi. Hakuna aliyebisha, na aliyetolewa alikuwa mtoto wangu mwenyewe.

Kwa siku ya familia ya mwaka huu tumekubaliana mambo mawili. La kwanza, shemeji atakaa nyumbani awe mkuu, nami nitakaa katikati ya vituo. La pili limetolewa na akina mama, na halina rufaa: mbuzi atachinjwa na kuliwa kabla ya mchezo kuanza.

Wasalaam.